Nani Alimweka Mgonjwa Rehani?

Asubuhi ya Ijumaa, tarehe 1 Machi 2024, mama yangu mdogo alipanda bajaji kutoka Nkuhungu kwenda kuchukua dawa zake za presha kwenye kituo kimoja cha binafsi hapa Dodoma mjini. Ni mwalimu mstaafu. Alifundisha darasa la kwanza na la pili, Mpwapwa kwanza, kisha hapa mjini. Tangu Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya uanze kazi mwaka 2001 hadi siku anakabidhi chaki, mshahara wake ulikatwa asilimia 3 kila mwezi, na mwajiri akaongeza asilimia 3 nyingine. Sasa hakatwi kitu, anatibiwa kwa kadi. Kadi yenyewe anaifunga kwenye leso pamoja na nauli.

Dirishani alimkuta binti mwenye adabu zake.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu."

"Mama, samahani. Leo kadi ya bima hatupokei. Labda ulipe keshi."

"Kwani kadi yangu imekufa?"

"Hapana mama, kadi yako ni nzima. Ni wakubwa tu hawajaelewana."

Jioni nilipokwenda kumsalimia alinisimulia huku anachambua mlenda, bila hasira. Kisha akaniuliza, "Hivi mwanangu, hao wakubwa wanagombana kuhusu mimi, au wanagombana kuhusu hela?" Nikacheka, nikasema ni hela tu mama, yataisha. Lakini swali lile halijaniisha mpaka leo. Najua wengi wetu tunaokutana hapa tumezoea kujadili riwaya na mashairi. Mnivumilie. Nadhani hili nalo ni suala la kusoma vizuri: nani anasema, kwa niaba ya nani, na nani hasikiki.

Nianze na yanayojulikana. NHIF ilikuwa imetangaza kitita kipya cha mafao, yaani orodha ya huduma na dawa inazozilipia, pamoja na bei ya kila kimoja. Kilikuja kuchukua nafasi ya kitita cha mwaka 2016. Kiliahirishwa, kamati ikaundwa, kisha ikatangazwa kwamba kinaanza rasmi tarehe 1 Machi. Chama cha vituo binafsi vya afya, APHFTA, kikasema kwa bei hizo hospitali haiendeshiki. Siku ilipofika, hospitali kadhaa binafsi, zikiwemo kubwa za Dar es Salaam, zikaacha kuwapokea wenye kadi. Waziri wa Afya wa wakati ule, Ummy Mwalimu, akasimama kwenye msimamo kwamba kitita kinaendelea. Mazungumzo yakafuata, na vituo vingi vikarudi kupokea kadi. Mama mdogo naye alipata dawa zake. Hakufa mtu kwetu, Mungu ni mwema. Kwa hiyo silii msiba hapa. Nataka tu kujua siku ile ilikuwa na maana gani.

Tuwasikilize wenye hospitali kwanza, maana wana hoja. Hospitali ya binafsi inanunua dawa na vitendanishi vinavyotoka nje, na bei zake zinapanda na dola. Inalipa mishahara yake yenyewe, wakati hospitali ya Serikali mishahara inalipwa na Hazina. Inamtibu mwenye kadi leo na kusubiri malipo baadaye, na madai mengine yanakatwa au kukataliwa. Mtu anayelazimishwa kuuza chini ya gharama ana njia tatu: afunge, ashushe ubora, au adanganye. Hakuna kati ya hizo inayomsaidia mama mdogo. Tusijifanye watakatifu, hata mama ntilie wa Sabasaba ukimpangia bei ya sahani chini ya bei ya mchele, kesho humkuti.

Halafu tuusikilize Mfuko. Hela zake ni za wanachama, na ripoti za Mkaguzi Mkuu za miaka ile zilionyesha kwamba Mfuko ulikuwa ukilipa kuliko ulivyokusanya. Machi 2023 ilibidi usitishe kadi ya Toto Afya, ile ya shilingi 50,400 kwa mtoto kwa mwaka, ukisema mzigo umeuelemea. Namna yenyewe ya kulipa ina mtego ndani yake. NHIF hulipa kwa kila huduma: kila kipimo ni hela, kila kumwona daktari ni hela. Ukimlipa mtu kwa kila jembe atakaloinua, usishangae akilima na njia. Vituo vimewahi kukutwa na madai ya dawa ambazo mgonjwa hakupewa, na wanataaluma wameadhibiwa kwa hilo. Anayetunza mfuko wa wote lazima aulize bei.

Ukisikiliza pande zote mbili kwa haki, unaona kwamba kila moja ina ukweli wake. Ndiyo maana swali la nani anasema ukweli halikunifikisha mbali. Nimeona bora kuuliza kila upande uliweka nini mezani ili uusukume mwingine.

Hapo nimkumbushe msomaji kitabu ambacho wengi tunacho rafu moja na Kusadikika. Mwaka 1969, miaka miwili baada ya Azimio la Arusha, Mwalimu Nyerere alitoa tafsiri yake ya tamthilia ya Shakespeare ya mfanyabiashara wa Venisi, akaipa jina Mabepari wa Venisi. Sote tunakumbuka ratili ya nyama. Tunakumbuka Shylock na kisu chake, na Portia aliyejigeuza mwanasheria. Lakini kuna jambo dogo tunalipita haraka. Mwenye shida ya hela katika hadithi ile ni Bassanio. Yeye ndiye anayetaka kwenda kuposa. Mwili unaowekwa rehani ni wa rafiki yake Antonio. Deni la mmoja, nyama ya mwingine.

Antonio, walau, aliweka saini mwenyewe. Alijua anachofanya, akacheka, akasema meli zake zitarudi kabla ya siku. Mama yangu mdogo hakusaini mkataba wowote kati ya Mfuko na kituo. Hakuuona. Mkataba ule unahusu mwili wake toka ukurasa wa kwanza mpaka wa mwisho, na jina lake halimo. Siku wakubwa walipokosana, kilichowekwa mezani ili upande wa pili usalimu amri kilikuwa presha yake.

Najua pingamizi litakalokuja: mbona wafanyakazi wanagoma, na tunawatetea? Mwaka 2012 madaktari wa nchi hii waligoma, na wagonjwa waliumia. Ni kweli, na mimi sina jibu jepesi kuhusu mgomo ule. Ila mfanyakazi anayegoma anaweka mezani kilicho chake: mshahara wake, kazi yake, wakati mwingine usalama wake. Bado wagonjwa wanaumia, lakini naye yumo kwenye mizani. Hospitali inayofunga dirisha la bima nayo inapoteza mapato, sikatai. Lakini mapato hayo yanaweza kurudi mwezi ujao. Mshtuko wa moyo haufanyi marudio.

Na Serikali isijipanguse haraka. Bei ikipangwa chini kuliko gharama, mgonjwa amewekwa rehani vilevile, ila kimyakimya. Hakuna bango getini. Anaambiwa tu, "Mama, hii dawa haipo, kanunue nje." Dirisha lililofungwa linapigwa picha na kuingia kwenye habari. Kabati la dawa linaloisha polepole halipigwi picha na mtu. Tena Serikali hapa imevaa kofia nyingi kupita kiasi. Wizara inausimamia Mfuko unaolipa. Wizara hiyohiyo inasimamia hospitali za umma zinazolipwa. Na ndiyo inayosimamia sekta binafsi inayoshindana nazo. Panda juu pale chuo kikuu cha UDOM uitazame Hospitali ya Benjamin Mkapa, iliyofunguliwa 2015. Hela za Mfuko zilihusika katika kuijenga. Ni hospitali nzuri na imetuokoa wengi tuliokuwa tunapelekwa Dar. Lakini ripoti za CAG zimewahi pia kutaja mikopo ambayo Mfuko uliitoa kwa taasisi za Serikali na kurudishwa kwake kukasuasua. Mtu aliyekopa kwenye kibubu cha wanachama hawezi kumhubiria mwenzake ubahili kwa sauti kubwa sana.

Nchi yetu iliwahi kulijibu swali hili kwa kulifuta. Sheria ya mwaka 1977 ilipiga marufuku hospitali binafsi za kutafuta faida. Zikabaki za Serikali na za mashirika ya dini, kama ile ya Waanglikana pale Mvumi. Waliokuwa watu wazima miaka ya themanini wanajua kilichofuata: foleni ndefu na makabati matupu. Mwaka 1991 mlango ukafunguliwa tena, na miaka michache baadaye hospitali za Serikali zenyewe zikaanza kututaka tuchangie gharama. Kwa hiyo sisemi turudi kulekule. Faida ikiondoka, uhitaji haundoki nayo.

Tukitazama ya wenzetu, tunakuta wimbo uleule kwa lugha nyingine. Marekani mwaka 1961 chama cha madaktari kilimtumia mwigizaji aliyeitwa Ronald Reagan kurekodi santuri ya kupinga bima ya Serikali kwa wazee, ikapigwa majumbani akina mama wakinywa kahawa. Mwaka 1993 kampuni za bima zilitoa matangazo ya televisheni ya mume na mke, Harry na Louise, wamekaa jikoni wanasikitikia mpango wa Rais Clinton. Mwaka 2018 vyama vya hospitali, vya kampuni za bima na vya kampuni za dawa, ambao siku nyingine hugombana kama paka na mbwa, waliunda muungano mmoja kupinga mpango wa bima moja ya Serikali kwa wote. Uingereza, kabla huduma ya taifa haijaanza Julai 1948, madaktari walio wengi walipiga kura kuikataa. Na jirani zetu wa Kenya, mfuko mpya wa SHA ulipochukua nafasi ya NHIF yao Oktoba 2024, haikupita miezi mingi chama cha hospitali binafsi, RUPHA, kikatangaza kusitisha huduma kwa kadi kwa sababu ya madeni.

Kesi hizi hazifanani. Anayedai deni alilofanyia kazi si sawa na anayezuia wengine wasipate bima. Lakini kuna kitu kinajirudia katika nyingi: mgonjwa anatajwa kila sentensi, na hayupo. Harry na Louise ni mfano safi kabisa. Walikuwa waigizaji. Mgonjwa wa kweli hakuwepo mezani, kwa hiyo wakamtunga wa kwao, wakamkalisha jikoni, wakamwandikia maneno. Sisi wasomaji wa hadithi tunapaswa kuwa wa kwanza kumtambua mhusika wa kubuni.

Kwa nini mgonjwa mwenyewe hana chama? Mwanauchumi wa Marekani, Mancur Olson, alilieleza mwaka 1965. Kundi dogo ambalo kila mmoja wake ana mengi ya kupata hujipanga kwa urahisi. Kundi kubwa ambalo kila mmoja ana kidogo hujikuta halijipangi kabisa. Wenye hospitali mia kadhaa wanaweza kukodi ukumbi, kuweka wakili, kuja Dodoma kuonana na wabunge na makatibu wakuu. Hoteli zetu wakati wa Bunge zinajaa watu wa namna hiyo, wa kila sekta, na si dhambi: kwenda kueleza shida yako kwa mtunga sheria ni haki. Lakini mwenye presha wa Nkuhungu, mwenye kisukari wa Kondoa na mjamzito wa Bahi hawajuani. Wakipona, hawakumbuki kwamba waliwahi kuwa kundi. Wasipopona, hawapo.

Plato, kwenye kitabu cha kwanza cha Jamhuri, anamwonyesha Socrates akimbana Thrasymachus kwa swali linalofaa kabisa hapa. Daktari kama daktari ni mponyaji au ni mchuma fedha? Jibu la Socrates ni kwamba ni fani mbili ndani ya mtu mmoja. Uganga unatazama faida ya mgonjwa. Uchumaji unatazama faida ya mganga. Mtu anaweza kuwa nazo zote mbili, hakuna ubaya, maana mganga naye ana watoto. Ubaya unaanza pale fani ya pili inapoongea kwa sauti ya ile ya kwanza. Chama cha vituo ni chama cha fani ya pili. Kazi yake halali ni kutetea bei. Kinapokuja na koti jeupe na kusema "tunamtetea mgonjwa", hapo tukisomee kwa makini. Na Mfuko unaposema "tunalinda wanachama" huku wanachama hawajui bei ilipatikanaje, tuusomee vivyo hivyo.

Hapa Ugogo kuna desturi ya zamani ambayo wazee bado wanaielewa. Mwenye ng'ombe wengi hawafugi wote zizi moja. Anawagawa kwa ndugu na marafiki, huyu Chamwino, yule Manyoni, ili ukame au ugonjwa ukipiga upande mmoja usimmalize. Nchi hii kame imejua njaa, na ile ya Mtunya ya baada ya 1917 bado inatajwa. Ilikuwa bima, kabla neno bima halijafika. Anayekaa na ng'ombe wa mwenzake anakunywa maziwa, anatumia samadi, na hakuna anayemwita mwizi kwa hilo. Ni ujira wake. Lakini hachinji. Hata wakigombana na mwenye ng'ombe, hata akiona maziwa hayatoshi kwa kazi anayoifanya, anaenda kusema kwa wazee. Hamchinji ng'ombe kwanza ndipo aanze mazungumzo.

Nafikiri hapo ndipo mpaka ulipo. Hospitali inakunywa maziwa, nayo inastahili. Mfuko unakunywa maziwa, una wafanyakazi na majengo. Serikali nayo imekunywa. Lakini ng'ombe ni wa mama mdogo na wenzake waliokatwa asilimia 3 miaka nenda rudi. Kulalamikia kiasi cha maziwa ni haki ya kila mmoja wao. Kumshikia kisu ng'ombe si haki ya yeyote.

Likikubaliwa hilo, mengine ni ya kupangwa na watu wazima. Hesabu ya kila bei iwekwe wazi, ijulikane ni dawa kiasi gani, mshahara kiasi gani, faida kiasi gani, ili tusiwe tunachagua nani wa kumwamini kwa kutazama sura. Anayepanga bei asiwe ndiye anayelipa, wala ndiye anayemiliki duka la jirani. Ugomvi ukitokea, uende kwa msuluhishi huku madirisha yako wazi, na atakayeshindwa alipe tofauti baadaye, na riba juu. Hela inaweza kulipwa nyuma. Na mezani pawe na kiti cha mwanachama wa kawaida, mwenye kura.

Hata hivyo nikiri kwamba mfano wangu una kasoro, na ni mama mdogo aliyeiona. Niliporudi kumweleza haya yote, ng'ombe na Venisi na nini, alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Sawa. Mimi nina ng'ombe. Na dada anayeniletea mkaa je?"

Dada wa mkaa hana kadi. Bunge lilipopitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote hapa Dodoma Novemba 2023, Watanzania waliokuwa na bima ya aina yoyote walikuwa takriban asilimia 15. Mkoa huu ndio uliokuwa wa mwanzo kujaribu CHF iliyoboreshwa, baadaye ikawa shilingi 30,000 kwa kaya ya watu sita, na bado wengi hawakuingia au hawakurudia mwaka wa pili. Siku ile ya Machi hakuna dirisha lililofungwa mbele ya dada wa mkaa. Kwake lilikuwa limefungwa siku zote, bila tangazo na bila mkutano na waandishi wa habari. Ugomvi wote ule wa kitita ulikuwa ugomvi ndani ya nyumba ambayo yeye hajawahi kuingia.

Sina jibu lake ndani ya kurasa hizi. Najua tu kwamba siku ile sheria itakapomfikia kweli, yeye na wenzake ndio watakuwa wengi, na bei itakayogombewa itakuwa bei yao. Vyama vitakuja na takwimu zao, Mfuko na zake. Kila mmoja atasema anaongea kwa niaba ya dada wa mkaa. Ningependa siku hiyo awepo ukumbini, aulizwe, na asikike kwa sauti yake mwenyewe.

Mama mdogo bado anaifunga kadi kwenye leso. Ila siku hizi, pembeni ya kadi, anaweka na noti mbili za elfu kumi. Nilipomuuliza za nini, akanijibu, "Za siku wakubwa wasipoelewana."